Nani Anasafisha Picha za Masisi?

Mwaka 2013, waliofika Venice, Italia, kutazama maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa waliikuta Kivu, mashariki ya Kongo, imegeuka rangi ya waridi. Milima, migomba, nyasi za malisho, hata vichaka walimosimama wapiganaji na bunduki zao, vyote vilikuwa vya waridi iliyoiva. Ukumbi ulikuwa wa Ireland, mpiga picha alikuwa Richard Mosse, na kazi yenyewe iliitwa The Enclave. Mosse alitumia filamu ya Kodak Aerochrome, iliyobuniwa zamani kwa mahitaji ya jeshi. Filamu hiyo hunasa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Mmea ulio hai hutoka mwekundu, na turubai lililopakwa kijani ili kumficha askari huumbuka. Kodak walikuwa wameshaacha kuitengeneza.

Mtu wa Nyabiondo hahitaji kuambiwa kwamba milima yake ni ya kijani. Mji huo mdogo uko katika sekta ya Osso-Banyungu, wilaya ya Masisi, ukiipita Masisi-Kati kwenye njia ya kuelekea Walikale. Ni nchi ya ng'ombe, jibini, maharage na ukungu wa asubuhi. Ni nchi ya vita pia. Desemba 2004 raia waliuawa Nyabiondo, na Julai mwaka uliofuata shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti kuhusu mashambulizi dhidi ya raia wa Kivu Kaskazini. Tangu hapo wapiga picha wa mataifa mengi wamepanda milima ile, wakapiga, wakashuka Goma, wakaruka.

Kazi ya Mosse ilisifiwa na wengi na kulaumiwa na wengine. Hata hivyo ilikuwa na uaminifu wa aina yake, kwa sababu aliyeitazama alijua papo hapo kwamba kuna mtu aliyeichagua rangi ile. Picha zetu za kila siku hazitupi onyo hilo. Kamera ndogo ya mfukoni ikibonyezwa, huamua yenyewe ngozi iwe na weusi gani, anga iwe ya buluu kiasi gani na kivuli kizame wapi, kisha huifunga picha na kutupa masalio. Aliyebonyeza hudhani amepiga picha, kumbe amepiga nusu. Nusu ya pili, ile ya kusafisha, imefanywa kwa kanuni zilizoandikwa na wahandisi wasiowahi kumwona mtu wa Masisi akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake.

Ipo njia ya kuichukua nusu hiyo, nayo imo ndani ya kamera nyingi ambazo wenyewe hawajawahi kuifungua: kupiga faili ghafi, lile chaguo linaloandikwa RAW kwenye menyu, na kulisafisha mwenyewe.

Kilichomo ndani ya faili

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kihisi, kipande kidogo cha silikoni chenye mamilioni ya vishimo vya kupokea mwanga. Katika kamera nyingi ndogo za bei nafuu kihisi hicho hakizidi milimita 6 kwa 4 na ushei. Kwenye kamera kubwa za kitaalamu hufikia milimita 36 kwa 24, eneo ambalo ni kama mara thelathini ya kile kidogo. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mengi yatakayofuata, maana kihisi kidogo hukusanya mwanga kidogo.

Vishimo hivyo havijui rangi. Vinajua wingi wa mwanga tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer, mtafiti wa Kodak, alipata hataza ya mpango uliotatua tatizo hilo: juu ya kila kishimo huwekwa kichujio cha rangi moja, nusu ya vishimo vyote vikipewa kijani, robo nyekundu na robo buluu. Kijani kilipewa sehemu kubwa kwa kuwa jicho la mwanadamu hutambua undani wa picha zaidi kupitia rangi hiyo. Karibu kamera zote za leo, zikiwamo za simu, bado zinafuata mpango wa Bayer au ndugu zake.

Faili ghafi ni kumbukumbu ya vishimo hivyo kabla mambo mengi hayajafanywa. Ukilitazama lilivyo, utaona kijivu chenye madoadoa, picha isiyotamanika. Lazima programu ikisie rangi mbili zinazokosekana katika kila kishimo kwa kutazama majirani zake, iamue lipi ni jeupe, ipandishe mwangaza, inyooshe mistari iliyopindwa na lenzi, ipunguze chenga, yaani vidoa visivyotakiwa, inoe kingo. Kamera inayotoa JPEG, muundo wa kawaida wa picha zilizokwisha kusafishwa, hufanya yote hayo ndani yake kwa kufumba na kufumbua, halafu huibana picha ili iwe nyepesi. Hapo ndipo utajiri unapopotea. Faili ghafi la biti 12 linaweza kutofautisha ngazi 4,096 za mwanga kwa kila kishimo. JPEG ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, basi. JPEG ni bugali uliokwisha kusongwa. Unaweza kuukata utakavyo, lakini huwezi kuurudisha uwe unga.

Ngazi hizo 4,096 hazigawanywi sawasawa. Kihisi huhesabu mwanga kama ulivyo, na kila hatua moja ya mwangaza ni maradufu ya ile iliyo chini yake. Kwa hiyo hatua angavu kuliko zote hubeba ngazi 2,048, nusu nzima ya hesabu. Inayofuata ina 1,024, kisha 512, kisha 256, na hatua ya tano, huko vivulini, imebakiwa na 128. Ndiyo maana anayepiga faili ghafi hushauriwa kuipa picha mwanga mwingi kadiri inavyowezekana bila kuunguza sehemu angavu. Kilichoungua hakirudi kwa programu yoyote. Kilichozama gizani hurudi, ila hurudi kikiwa kimejaa chenga.

Soko la Nyabiondo, saa sita mchana

Tuchukue picha moja ya mfano. Ni siku ya soko. Mama mmoja amekaa nyuma ya kiroba cha maharage, juu yake turubai la buluu limefungwa kwenye miti minne. Nyabiondo iko karibu na Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita liko utosini. Barabara ya udongo nyuma yake inawaka, na wingu jeupe limekaa juu ya kilima. Mpiga picha ameshaomba ruhusa na mama amekubali. Kamera ndogo inabonyezwa.

Kamera imeona weupe mwingi, ikaogopa, ikapunguza mwanga. Wingu limetoka zuri na barabara imetoka vizuri, lakini uso wa mama umezama. Zaidi ya hapo, mwanga unaomfikia umepenya turubai, na mashavu yake yamechukua ubuluu wa maiti. Kwenye JPEG ukijaribu kupandisha mwangaza, ngozi inageuka majivu yenye mabakabaka, kwa kuwa ngazi zilizohitajika zilishatupwa. Picha za namna hii ndizo zinazofutwa kila siku kwa kisingizio kwamba kamera ni mbovu.

Faili ghafi la tukio hilohilo ni habari nyingine. Hatua ya kwanza ni weupe. Ndani ya faili ghafi, uamuzi wa kamera kuhusu lipi ni jeupe umeandikwa pembeni kama pendekezo, haujachomwa ndani ya picha. Msafishaji anachukua kielekezi cha programu na kugusa kitu kisicho na rangi kilichopata mwanga uleule uliompata mama. Kiroba cheupe cha maharage kinafaa. Mara moja ubuluu unaondoka usoni. Lakini barabara ya nyuma inageuka njano kama bizari, kwani yenyewe iliangazwa na jua tupu, haikupita chini ya turubai. Mianga ni miwili, na rekebisho moja halitoshi. Inabidi msafishaji azungushe mstari kuzunguka kivuli cha turubai na kuiambia programu ishughulike humo tu.

Hatua ya pili ni mwangaza. Uso unapandishwa, tuseme hatua moja na nusu, huku wingu likizuiwa lisipande nalo. Hatua ya tatu ni chenga, na hapa udogo wa kihisi unadai deni lake: kwenye vivuli vya kitenge kuna vidoa vyekundu na kijani ambavyo mfumaji hakuviweka. Hivyo ni vya kuondolewa kwanza, chenga za rangi. Chenga za mwangaza, zile zinazofanana na mchanga laini, ni bora zipunguzwe kidogo na kuachwa, maana ukizifuta zote ngozi ya mama itakuwa ya plastiki na makunyanzi aliyoyapata kwa miaka ya jua yatakwenda nazo. Hatua ya nne ni lenzi. Kamera ndogo nyingi zina lenzi zinazopinda mistari kwenye upana wa mwisho, na watengenezaji hutegemea programu kuinyoosha. Kwenye faili ghafi lisilonyooshwa, nguzo za kibanda hujitokeza zikiwa zimevimba kama mbavu za mtumbwi.

Hatua ya tano ndiyo ngumu: kujua pa kukomea. Programu ina kitufe cha kuongeza rangi, kingine cha kunoa, kingine cha kuifanya anga iwe ya kutisha. Hakuna kinachoijua ngozi ya yule mama. Anayeijua ni aliyekaa mbele yake, na zaidi yake ni watu wa nyumbani kwake.

Ngozi iliyosahauliwa

Suala la ngozi ni la zamani kuliko dijitali. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard, mwongozaji wa filamu aliyefanya kazi Msumbiji kwa muda, alizikataa filamu za Kodak akisema zina ubaguzi. Kodak waliboresha filamu zao baadaye, na inasimuliwa kwamba malalamiko yaliyowasukuma zaidi yalitoka kwa watengeneza chokoleti na samani, ambao matangazo yao ya hudhurungi hayakutoka vizuri.

Vipima mwanga vya kamera vina kasoro inayokaribiana na hiyo. Kwa asili vimewekwa vikitafuta kijivu cha wastani. Uso mweusi mbele ya ukungu mweupe wa Masisi saa moja asubuhi ni mtihani ambao hesabu hiyo hufeli. Kamera za karibuni hutambua nyuso na hujirekebisha, na simu za siku hizi hujitahidi zaidi. Hata hivyo mwenye faili ghafi hahitaji kungoja kiwanda kimkumbuke.

Kamera ipi, programu ipi

Habari njema ni kwamba vifaa vimeshuka bei kwa kuzeeka. Canon PowerShot G9 ya mwaka 2007 ilirudisha faili ghafi kwenye ukoo wa G baada ya kuondolewa katika G7. Panasonic LX3 ilikuja 2008, Canon S90 mwaka 2009. Sony RX100 ya 2012 iliweka kwenye mfuko wa shati kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, kikubwa kama mara nne kuliko cha kamera ndogo ya kawaida, chenye megapikseli 20. Ricoh GR ya 2013 ilikwenda mbali zaidi, ikatoa faili zake katika DNG, muundo wa wazi ambao kampuni ya Adobe iliutangaza mwaka 2004 ili faili ghafi la leo liweze kufunguliwa hata kampuni iliyotengeneza kamera ikifa. Simu za Android nazo zimeruhusiwa kutoa DNG tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, japo si kila mtengenezaji huliwasha chaguo hilo.

Kwa wenye Canon ndogo zisizo na RAW kwenye menyu kuna CHDK, programu ya wapenzi wa kamera inayokaa kwenye memori kadi na kuiwezesha kamera kutoa faili ghafi. Haibadilishi chochote ndani ya kamera kwa kudumu. Ukiitoa kadi, kamera inarudia hali yake.

Upande wa kusafisha, mtu halazimiki kulipa kodi ya kila mwezi. Mwaka 1997 mwanaprogramu Dave Coffin alianza kuandika dcraw, programu ndogo ya kufungua faili ghafi za kamera za kila aina, akaigawa bure. Programu nyingi zilizofuata zilijengwa juu ya kazi yake au zilijifunza kwake. Leo darktable na RawTherapee ni za bure, zinafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac, na zikishawekwa hazihitaji intaneti. Mahali ambapo umeme ni wa paneli ya jua na mtandao ni wa kubahatisha, hilo la mwisho si dogo.

Gharama ipo. Faili moja ghafi la RX100 lina uzito wa kama megabaiti 20, hivyo memori kadi ya gigabaiti 32 itabeba picha 1,500 na kitu. Kompyuta ya zamani itahema. Na ziko kazi ambazo faili ghafi halina maana kwazo: picha ya pasipoti, picha ya harusi inayongojwa jioni hiyohiyo, picha ya kumwonyesha fundi pikipiki kipuri kilichovunjika. Kamera nyingi huruhusu kupiga zote mbili kwa pamoja, JPEG ya kutuma sasa na ghafi ya kuweka.

Picha mbele ya hakimu

Kuweka ndiko kwenye uzito, na historia ya Kongo inajua sababu. Mei 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala huko Baringa, bonde la mto Kongo, akiwa ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bamba la kioo lilisafiri, likageuzwa picha za kurushwa ukutani kwa taa, zikaonyeshwa kwenye kumbi za Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kijitabu cha kumkejeli Mfalme Leopold, akimfanya alalamike kwamba kamera ya Kodak ndiyo shahidi pekee ambaye yeye alishindwa kumhonga. Miaka mitatu baadaye mfalme alinyang'anywa Kongo.

Kamera inaweza kuhongwa leo kwa dakika moja, kwa simu ya kawaida. Kwa hiyo anayetoa picha huulizwa asili yake. Mwaka 2013 picha ya mazishi ya Gaza, iliyompa Paul Hansen ushindi wa World Press Photo, ilishutumiwa kuwa imeunganishwa kutoka picha kadhaa. Wataalamu walipewa faili ghafi, wakalilinganisha na picha iliyochapishwa, wakathibitisha kwamba kilichobadilishwa ni mwanga na rangi, mambo ya kusafisha. Faili ghafi lilimwokoa. Upande mwingine, Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapiga picha wa kujitegemea watume JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, likitaja haraka ya kazi na uaminifu wa picha. Agizo hilo linakumbusha kwamba uhuru wa kusafisha ni uhuru wa kupotosha pia. Mpaka unaokubalika na wengi ni huu: kurekebisha mwanga, rangi na ukingo wa picha ni halali, kuongeza au kuondoa mtu au kitu ni uongo.

Kwa mashariki ya Kongo mfano ulio karibu zaidi ni wa Bukavu. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha maisha makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, wilaya ya Kalehe. Miongoni mwa ushahidi kulikuwa na picha za makaburi ya pamoja zilizopigwa kwa eyeWitness, programu ya simu iliyozinduliwa mwaka 2015, ambayo huiandikia picha saa na mahali ilipopigwa na kuifunga isiguswe. Hayo hayakuwa mafaili ghafi ya kamera ndogo, lakini hoja ya mahakama ni ileile: tuonyesheni asili, na mtuonyeshe kwamba haijaguswa.

Faili ghafi linasaidia kwa jinsi lilivyoundwa. Programu za kusafisha haziandiki juu yake. Huandika maagizo kwenye kijifaili cha pembeni, na picha iliyosafishwa hutolewa kama nakala mpya. Kulighushi kunawezekana kwa fundi mahiri, ila ni kazi kubwa kuliko kughushi JPEG. Ikumbukwe pia kwamba WhatsApp huzibana picha na kuzivua kumbukumbu zake nyingi. Picha iliyopitia makundi kumi ya WhatsApp imebaki tetesi. Kinyume chake, ikiwa faili limehifadhi mahali picha ilipopigwa, kumbukumbu hiyo inaweza kumfikisha mtu mwenye silaha mlangoni kwa aliyepigwa picha. Nakala ya kutuma iondolewe mahali. Ya asili iachwe ilivyo, na ifichwe.

Hasi ikae nyumbani

Kwa miaka mingi Masisi imekuwa ikitazamwa. Siku hizi inajitazama zaidi. Mwaka 2020 mradi wa Congo in Conversation, ulioanzishwa na Finbarr O'Reilly kwa tuzo ya Carmignac, ulijaa kazi za Wakongo wenyewe, wakiwamo Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Ley Uwera na Pamela Tulizo. Baadhi yao picha zao sasa huchapishwa na vyombo vikubwa vya dunia.

Lakini wapiga picha wa kulipwa ni wachache, na wako mjini. Kijijini yupo mwalimu, muuguzi, mtangazaji wa redio ya jamii, kijana wa parokia mwenye kamera ya mtumba. Wao ndio watakaokuwapo daraja likivunjika, ng'ombe wakinyang'anywa, shule ikifunguliwa upya. Hata ndani ya kamera zao mna kitu cha kwao: tantali, inayotokana na koltani kama ile inayochimbwa Rubaya, wilaya hiyohiyo ya Masisi, hutumika kutengeneza kapasita ndogo za vifaa vya elektroniki. Madini yalikwenda bila kuuliza. Picha hazina sababu ya kufuata njia hiyo.

Waswahili husema mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama, na kwenye picha kisu ni faili la asili. Mabamba ya Alice Harris yaliishia Uingereza, na anayetaka kuyasoma hufuata huko. Picha nyingi za vita vya Masisi ziko kwenye diski za Paris, London na New York, zimesafishwa kwa ladha ya huko. Kubadilisha hilo hakuhitaji mfadhili. Washa RAW pamoja na JPEG. Nakili kadi kwenye diski mbili kabla ya kuifuta, na diski hizo zikae nyumba mbili tofauti, ikiwezekana miji miwili. Andika tarehe, mahali na jina la aliyekubali kupigwa kwenye daftari la karatasi linalokaa mbali na picha. Safisha nakala, usiguse asili. Siku mhariri wa nje, mwanahistoria au hakimu atakapoitaka picha ya Nyabiondo, aje kuiomba Nyabiondo, na mwenye picha ndiye amwambie milima ile ni ya rangi gani.